Njia ya Shaba

Kijana wa leo apandaye basi Dar es Salaam alfajiri huweza kula chakula cha usiku Mbeya siku ile ile. Akitaka hulala njia nzima, na akiamka hulalamika kwamba basi limechelewa saa moja. Hatumlaumu, kwani hivyo ndivyo barabara itakiwavyo kuwa. Walakini njia hiyo aipitayo akiwa amelala ina habari zake, na waliozitenda habari hizo hawakuwa watu wa kalamu. Sisi tuliipita tangu mwaka 1966, kwanza kwa kazi ya utingo, kisha kwa udereva, katika kampuni moja ya uchukuzi ambayo leo haipo tena na ambayo hatuna haja ya kuitaja jina. Tumeona ni vema tuyaeleze machache tuyakumbukayo maadamu tungali hai, kwani wenzetu wengi wamekwisha kututangulia.

Yafaa kwanza msomaji ajue kwa nini malori yalimiminika katika njia ile kwa ghafula. Zambia ilipata uhuru wake tarehe 24 Oktoba 1964. Ni nchi isiyo na bahari, na utajiri wake mkubwa ni shaba. Shaba hiyo, kwa sehemu kubwa, ilikuwa ikienda kusini kwa gari la moshi, ikapita Rhodesia mpaka bandari za Msumbiji. Na mafuta ya kuendeshea migodi na motokaa yalitoka huko huko Rhodesia, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Umtali, mji ambao leo huitwa Mutare. Basi ilikuwa kama mtu ambaye mlango wa nyumba yake umo ndani ya ua wa jirani. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenziwe wakajitangazia uhuru wao wenyewe, na Waafrika walio wengi hawakuulizwa. Mwezi Desemba Uingereza ikaiwekea Rhodesia vikwazo vya mafuta, naye Smith akayakata mafuta ya Zambia. Jirani akawa amefunga ua wake.

Ndege za Uingereza, za Canada na za Marekani zikaletwa kubeba mapipa ya mafuta kwenda Zambia. Zilisaidia, lakini ndege haiwezi kuilisha nchi nzima iliyo na migodi. Ikabaki njia ya nchi kavu, kutoka bandari ya Dar es Salaam mpaka Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma, kisha kuingia Zambia na kushuka mpaka Kapiri Mposhi na miji ya shaba. Hadi Tunduma ni zaidi ya kilometa 900, na kutoka hapo mpaka Kapiri Mposhi ni karibu 800 nyingine. Lami tuliyoikuta sisi iliishia Morogoro. Baada ya hapo ilikuwa udongo na changarawe, vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua. Magazeti ya Kizungu yakaipa jina la Njia ya Jahanamu. Sisi hatukulipenda jina hilo, kwa kuwa Jahanamu si neno la kufanyia mzaha. Tulisema tu kwamba twaenda Zambia, na aliyesikia alielewa.

Mwaka 1966 serikali mbili, ya Tanzania na ya Zambia, zilishirikiana na kampuni ya Kiitaliano kuunda shirika kubwa la uchukuzi lililoitwa Zambia Tanzania Road Services, na malori ya Fiat yakaletwa kwa wingi, kila moja na tela lake. Huo ndio ulikuwa msafara mkubwa uliojulikana na kila mtu. Lakini pembeni mwake zilikuwapo kampuni ndogo ndogo, na matajiri wa lori moja au mawili, ambao nao walichukua mizigo ile ile katika njia ile ile. Sisi tulikuwa wa huko pembeni. Lori letu la kwanza lilikuwa limekwisha kufanya kazi miaka mingi katika mashamba ya katani, na mlango wake wa kushoto ulifungwa kwa waya.

Ndani ya lori waliishi watu wawili, dereva na utingo. Twasema waliishi, wala si walisafiri, kwa kuwa safari moja ya kwenda na kurudi ilikuwa siku kumi na mbili kama hali ni njema, na katika mvua tulipata kukaa njiani wiki tano. Dereva wetu alikuwa mzee wa Tanga, mtu mpole wa maneno machache. Tulimwita Mzee, naye alituita mwanangu, na katika miaka mitatu hatukumsikia akitukana. Yeye alishika usukani, na kila kitu kingine kilikuwa juu ya utingo: kufunga na kufungua turubali, kukaza kamba, kubadili tairi, kuziba pancha, kutafuta maji ya rejeta, kupika, kulinda mzigo usiku, na kupanda juu ya mapipa kuona kama moja linavuja. Mapipa yale, kila moja la lita 200, yalisimamishwa safu kwa safu, na barabara ilikuwa imejikunja mikunjo kama bati la paa, hata mapipa yakasuguana mchana kutwa. Pipa likitoboka, harufu yake iliingia mpaka ndani ya ugali. Wavutaji wa sigara walishuka wakaenda mbali sana na lori, na aliyesahau alikumbushwa kwa sauti kubwa.

Ama mshahara, dereva alilipwa na kampuni. Utingo katika kampuni zetu ndogo alilipwa na dereva, kutoka mfukoni mwake au kutoka posho ya safari. Jina la utingo halikuandikwa katika daftari lolote. Jambo hili tunaomba msomaji alishike, maana tutalirudia.

Kutoka Morogoro njia huenda hadi Mikumi na kupita katikati ya mbuga ya wanyama, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1964. Usiku taa za lori zilipoangaza macho ya nyati, dereva alizima taa kubwa akaacha ndogo, akasubiri. Tembo ndiye aliyekuwa na haki ya njia. Hakuna aliyempigia honi mara ya pili. Baada ya hapo nchi hukauka, joto huzidi, mibuyu hutanda pande zote mbili mpaka Ruaha Mbuyuni, na mto Ruaha Mkuu hupita hapo ukiwa na maji ya rangi ya udongo. Hapo ndipo kila lori lilipumzika. Injini ziliachwa zipoe, matairi yakagongwa kwa chuma yasikilizwe sauti yake, breki zikatazamwa. Watu walikula wali na maharage, wakanyamaza. Mbele yetu ulikuwa mlima Kitonga.

Waendao leo huona barabara ya lami yenye kona nyingi, nao huifurahia kwa mandhari yake. Kitonga tuliyoijua sisi ilikuwa njia nyembamba ya udongo iliyochongwa ubavuni mwa mlima, jabali upande mmoja na bonde upande wa pili, na chini kabisa kulikuwa na mabaki ya magari yaliyoshindwa. Lori lenye mzigo kamili lilipanda kwa gia ya kwanza, polepole kuliko mwendo wa mtu. Basi utingo alishuka. Alitembea nyuma ya gurudumu la nyuma akiwa na gogo begani, gogo gumu lililochongwa kama kabari, na macho yake yasiondoke kwenye tairi. Injini ikizimika, au gia ikikataa kuingia, lori hurudi nyuma, na breki peke yake haiwezi kuuzuia uzito ule. Hapo utingo ana muda wa kutia gogo chini ya gurudumu, na muda huo hauzidi pumzi mbili. Akiwahi, lori husimama, dereva hushusha pumzi, kazi ikaendelea. Tulipanda Kitonga namna hiyo kwa saa nyingi, vumbi la lori lililotutangulia likitujaa puani, na tulipofika juu, ambako hewa ni baridi, miguu ilitetemeka tukiwa tumekaa.

Kushuka kulikuwa hatari zaidi ya kupanda, ingawa wageni hudhani kinyume chake. Mzee alitufundisha kwamba mlima hushukwa kwa gia ile ile ambayo ungeupandia, ili injini yenyewe ilishike lori, na breki iwe ya kusaidia tu. Walikuwapo madereva walioachia gia ili waokoe mafuta, kisha mafuta waliyoyaokoa wakayauza Iringa. Breki zao zilishika moto kabla ya kufika katikati. Mabaki mengi ya bondeni yalikuwa ya hao.

Iringa tulipita tukitetemeka kwa baridi na tukiamkiwa kwa neno la Kihehe, kamwene, na sisi tukajibu hivyo hivyo. Kutoka hapo hadi Mafinga, Makambako, Chimala na Mbeya hatuna mengi ya kusema isipokuwa matope. Matope ya kule ni mekundu na hunata kama gundi. Lori moja likizama, nyuma yake hujipanga kumi, ishirini, na wengine wakajaribu kupita pembeni nao wakazama. Tuliwahi kukaa siku sita mahali pamoja karibu na Igawa. Wanawake wa vijiji walituletea ndizi, mahindi ya kuchemsha na maziwa, na bei haikupanda siku ya sita kuliko ilivyokuwa siku ya kwanza. Jambo hilo twalikumbuka kuliko matope yenyewe.

Kuvuka Tunduma ilikuwa kazi ya karatasi na kungoja. Upande wa pili tulijifunza kusema mwapoleni mukwai, ambayo ni salamu ya Wabemba, na watu wa Isoka na Chinsali walipoisikia kwa ulimi wa pwani walicheka, wakatupisha kwenye moto wao. Msitu wa kule ni mrefu, njia imenyooka, na hatari yake ni usingizi. Mzee aliimba kasida asilale. Sisi kazi yetu ilikuwa kuitikia, na tulipolala yeye alinyamaza ghafula, na ukimya huo ndio uliotuamsha.

Tulipeleka mafuta na mashine, tukarudi na shaba. Hapa tuwaambie vijana jambo lililowashangaza watu wengi. Shaba ilifungwa kwa mikuo, vipande virefu vya chuma chekundu ambavyo mtu mmoja hawezi kukiinua hata kimoja. Ni nzito mno, hata lori likafikia kiasi chake cha uzito wakati sakafu yake haijafunikwa sawasawa. Kwa mbali lori lilionekana tupu. Watu wa njiani walitusimamisha wakitaka kupakia magunia ya mahindi, wakisema, "Bwana dereva, gari lako halina kitu." Tuliwaonyesha springi zilivyolala, nao hawakusadiki. Shaba ya thamani kubwa ililala njiani usiku, ikilindwa na kijana mmoja mwenye blanketi na sime. Hatukupata kusikia katika kampuni yetu kwamba mkuo mmoja ulipotea. Huenda ni kwa sababu ya uzito wake, waseme wasemao. Sisi twasema kuwa mzigo ulikuwa amana, na wengi wetu tuliufahamu hivyo.

Sheria ya njia ile haikuandikwa. Lori lililosimama halikupitwa. Hata kama dereva wake ni wa kampuni nyingine, hata kama jana mligombana Tunduma, ulisimama, ukauliza. Ukiwa na spea ulitoa, na ulilipwa siku nyingine au hukulipwa. Tulipata kumwachia mtu tairi letu la akiba Serenje, na tairi likaturudia Morogoro baada ya miezi miwili, likiwa limepitia mikono ya madereva wanne. Kadhalika barua na fedha. Simu zilikuwa chache na posta ilikwenda polepole. Basi madereva ndio waliokuwa posta. Mtu wa Mbeya alikupa bahasha ya shilingi 40 umpelekee mama yake Chalinze, wala hukumjua jana. Nyumbani kwetu nako mke wa dereva alijua habari za mumewe kwa kuuliza kila lori lililorudi: "Mmemwacha wapi?" Akajibiwa, "Tumemwacha Mpika, mzima, anangoja spea." Kwa jibu hilo alilala usingizi siku tatu, kisha akaanza kuuliza tena. Tusiwafiche wasomaji kwamba wako pia madereva waliofanya nyumba ya pili njiani na ya tatu, wakawasahau watoto wa nyumba ya kwanza. Watoto hao leo ni watu wazima, na baadhi yao watayasoma haya.

Sala zetu tulizipunguza kama msafiri alivyopewa ruhusa, na pasipo maji tulitayamamu kwa udongo safi, ambao njia ile haikuwa na upungufu nao. Turubali likawa msala. Ramadhani ya mwaka 1386, iliyoangukia Desemba 1966 na Januari 1967, ilitukuta katika matope. Tulikuwa vijana wenye ari, tukataka kufunga. Mzee alituruhusu siku ambazo tumekwama. Siku za kupanda Kitonga alikataa kabisa, akasema, "Mwanangu, wewe ndiye umshikaye gogo. Ukiona kizunguzungu, deni la swaumu utalilipa wewe, na deni la roho za watu atalilipa nani?" Tulikula, tukalipa siku zile baada ya Idi.

Sasa tuifikie habari ambayo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Ilikuwa mwaka 1968, kabla ya mvua kuanza. Tulikuwa tukipanda Kitonga, lori la tatu katika msafara wa malori matano. Lililotutangulia lilikuwa la tajiri mwingine. Utingo wake alikuwa kijana wa upande wa Korogwe, umri wake kama ishirini, mcheshi, aliyejua kuiga sauti za madereva wote. Asubuhi ile alituigiza Mzee akiimba, na Mzee mwenyewe akacheka. Katika kona ya juu gia ya lori lile iliruka. Tuliliona likisita, kisha likaanza kurudi. Kijana aliweka gogo mahali pake, na lori la mbele likashikwa. Lakini tela halikunyooka na lori. Lilijipinda likamsukuma kwenye jabali. Mambo yote hayo yalikwisha katika muda mfupi kuliko huu wa kuyasoma.

Gogo lake lilikaa imara. Kama angaliliacha akakimbia, na nafasi ya kukimbia ilikuwapo, lori lile lingalitushukia sisi, na sisi tungaliwashukia walio nyuma yetu. Mafuta yalikuwa katika malori manne kati ya matano.

Tulimtoa, tukamchukua mpaka juu. Alifariki kabla ya magharibi. Watu wa kijiji cha karibu, ambao wengi wao hawakuwa Waislamu, walitupa maji, wakatupa majembe, wakachimba pamoja nasi. Sanda ilitoka katika kitambaa cheupe alichokuwa amekinunua Ndola ampelekee mama yake. Mzee alimsalia. Dereva wa lori lile alikaa chini asiseme neno. Kesho yake akaendesha mpaka Zambia, akaukabidhi mzigo kwa hesabu kamili, akarudi, akatia funguo mezani kwa tajiri wake, wala hakushika tena usukani maisha yake yote.

Tajiri yule aliulizwa kuhusu fidia. Akafungua daftari, akaonyesha kwamba jina la kijana halimo, na kwa kuwa halimo, hakuwa mfanyakazi wake. Kwa karatasi alisema kweli. Madereva wakachanga Morogoro na Dar es Salaam, ikapatikana kama shilingi 300 na ushei, na sisi ndio tuliotumwa na Mzee kuipeleka Korogwe pamoja na mfuko wa nguo zake. Mama yake alitupokea, akatupikia, akatuuliza swali moja tu: kama mwanawe alizikwa na watu wenye kumjua. Tukamwambia ndiyo. Jina la kijana yule tunalo moyoni, lakini hatujawapata jamaa zake kuwaomba ruhusa ya kulichapa, na bila ruhusa yao hatulichapi.

Baada ya hapo mambo yalibadilika upesi. Mwaka huo huo wa 1968 bomba la mafuta la kilometa 1,710 kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola lilianza kazi, na mapipa yakatoweka njiani. Hatukuyalilia. Wahandisi wakaja kujenga barabara, kwa fedha za Marekani, za Benki ya Dunia na za wengineo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ikaifikia Tunduma. Mwezi Januari 1973 mpaka wa Zambia na Rhodesia ulifungwa, mizigo ikaongezeka tena, na malori yakafanya kazi usiku na mchana. Lakini Wachina walikuwa wamekwisha kuanza reli tangu mwaka 1970, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, na Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi kwa nchi mbili. Kampuni ndogo hazikuweza kushindana na gari la moshi lililobeba kwa safari moja mzigo wa malori mengi. Yetu ilifunga milango yake. Malori yaliuzwa, mengine kwa vyuma chakavu, na madereva walizungushwa miezi kadhaa juu ya haki zao. Wako waliopata nusu, wako waliochoka kudai. Mzee alirudi Tanga, akalima michungwa, akafariki miaka mingi baadaye akiwa na viungo vyake vyote, jambo ambalo si dogo kwa mtu wa kazi yetu.

Huko Gongo la Mboto, nje ya Dar es Salaam, yapo makaburi ya Wachina waliofariki katika kuijenga reli. Yametunzwa vizuri, na wageni wakubwa watokao China huenda kuweka mashada. Ni haki yao, na sisi twawaheshimu. Kwa madereva na matingo walioibeba Zambia miaka ile kabla ya reli na kabla ya bomba, hatujaona jiwe lolote lililoandikwa. Hata idadi yao haikuhesabiwa, kwani nusu yao, kama tulivyosema, hawakuwamo katika madaftari. Wasomaji ambao baba zao au babu zao walikuwa katika kazi hiyo, wa Tanga, wa Morogoro, wa Mbeya, wa Mombasa, twawaomba wawaulize wazee walio hai majina ya matingo wao, wayaandike hata katika ukurasa wa mwisho wa daftari la shule. Majina hayo hayapatikani mahali pengine.

Njia yenyewe haikukosa kazi. Reli ilipata taabu zake, malori yakarudi, na leo Tunduma kuna foleni ndefu ya magari yapelekayo mizigo Zambia na Kongo na yaletayo shaba bandarini, kwa wingi ambao sisi hatukuuota. Mikuo imegeuka kuwa mabamba, lakini bado huonekana kama gari limebeba nusu ya mzigo. Tulipokwenda Mbeya kwenye arusi hivi karibuni tulizungumza na dereva mmoja, kijana wa Morogoro, aliyekuwa akingoja zamu yake ya kuvuka. Alituamkia kwa adabu, akatukaribisha chai. Anaongea na wanawe kwa simu kila jioni, na anawaona nyuso zao. Tulimuuliza utingo wake yuko wapi. Akasema hana, tajiri wake hataki gharama ya mtu wa pili. Lori likiharibika mlimani, hushuka mwenyewe akaweka jiwe.

Mawe hayo tuliyaona siku ya kurudi tulipokuwa tukiishuka Kitonga: mawili makubwa, yaliyoachwa katikati ya njia na mtu ambaye lori lake limekwisha kuondoka. Mjukuu wetu aliyekuwa akiendesha motokaa aliwasha taa za hatari, akasimama, tukashuka sote tukayasukuma mpaka ukingoni.